Je, vituo vya kudumu vya upimaji vinastahili fedha za umma?

Mkulima, Tandahimba
Shikamooni wakubwa. Katika mkutano wa kijiji chetu, mpima ardhi alieleza kwamba taifa linapaswa kuwekeza zaidi katika vituo vya ardhini vinavyopokea mawimbi ya setilaiti usiku na mchana. Nauliza kwa nia njema: ikiwa mifumo ya setilaiti ya kuonyesha mahali, yaani GPS ya Marekani, GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China hutumika bila malipo, na simu yangu hunionyesha nilipo hata katikati ya mikorosho, kwa nini fedha hizo zisichonge barabara za kusafirishia korosho?

Mpima ardhi, Lindi
Marahaba, ndugu yangu. Simu yako hukosea kwa mita kadhaa. Kosa hilo halimdhuru anayetafuta njia, lakini kwenye mpaka wa mashamba mawili linatosha kuingiza mikorosho ya jirani ndani ya hati yako. Kituo cha kudumu hujengwa mahali ambapo viwianishi vyake, yaani namba zinazoonyesha mahali kilipo, vinajulikana kwa usahihi mkubwa. Kwa kuwa mahali pake panajulikana, hutambulika kosa linalotokana na saa za setilaiti, njia zake na anga ambamo mawimbi hupita, kisha marekebisho hutumwa kwa intaneti hadi kwenye kipokezi cha mpimaji, naye akapata usahihi wa sentimita chache papo hapo. Marekebisho ya kituo kimoja hufifia kadiri unavyokwenda mbali nacho, na kwa kazi ya papo kwa papo hatupendi kuvuka kilomita 30 au 40. Kituo cha Dar es Salaam, basi, hakimsaidii anayepima Newala. Tukikosa cha karibu, hubeba vipokezi viwili na kutafuta nguzo ya zamani ya upimaji, kama haijang'olewa, na gharama humwangukia mwenye shamba.

Kuna pia suala la datamu, yaani msingi ambao viwianishi huhesabiwa kutoka kwake. Ramani zetu nyingi za zamani zilichorwa kwa Arc 1960, ilhali GPS hutumia WGS 84. Viwianishi vya mfumo mmoja vikiwekwa kwenye ramani ya mwingine bila kugeuzwa, alama husogea takriban mita 300, hasa kaskazini au kusini. Huo ni umbali wa kutoka shamba hadi shamba la tatu.

Mhasibu, Mtwara Mjini
Hoja ya mpimaji naikubali, ila hofu yangu iko kwenye uendeshaji. Antena, kipokezi na nguzo ya zege hununuliwa mara moja, pengine kwa fedha za mradi. Umeme, intaneti, betri, mlinzi na fundi huhitaji fungu kila mwaka, na hewa ya chumvi ya pwani yetu hula viungio upesi. Ningependa fungu la matunzo lipitishwe kabla ya lile la ujenzi. Kampuni zinazopima njia za mabomba ya gesi zilipie huduma hiyo, na upimaji wa mashamba ya vijiji usitozwe.

Mhandisi wa maji, Lindi
Wakubwa, mmesahau kimo. Setilaiti hupima kimo kutoka kwenye umbo la kihesabu la dunia, wala si kutoka usawa wa bahari, na tofauti ya viwili hivyo huweza kufikia makumi ya mita. Bila modeli ya jioidi, yaani umbo la usawa wa bahari likiendelezwa hadi chini ya nchi kavu, iliyopimwa vizuri, pamoja na kumbukumbu za miaka mingi za maji kupwa na kujaa, anayechora mtaro wa mvua katika mji wa pwani hana uhakika maji yataelekea wapi. Ardhi yenyewe pia husogea kuelekea kaskazini-mashariki kwa zaidi ya sentimita 2 kila mwaka, hivyo mfumo wa rejea, yaani msingi wa vipimo vyote vya mahali, uliopimwa mara moja na kuachwa huchakaa. Ndiyo sababu Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio kuhusu mfumo wa rejea wa dunia nzima Februari 2015.

Mkulima, Tandahimba
Nashukuru. Barabara bado naidai, lakini katika mkutano ujao nitauliza kituo cha karibu nasi kitakuwa wapi na nani atalipia umeme wake.

Mpima ardhi, Lindi
Uliza pia kama bikoni, yaani alama za mipaka, za kijiji chenu zimesajiliwa kwa datamu ya zamani au mpya, kabla hamjaanza kugawa hati za kimila.