Mdogo wangu anataka kusomea ubunifu majengo, mzee anasema ni kuchora ramani tu. Wenye uzoefu njooni

Korosho Kwanza
Wakuu habari za jioni. Niko Mtwara mjini, Chuno. Nina mdogo wangu wa kike kamaliza fomu siksi, PCM, kafaulu vizuri tu. Sisi nyumbani tulijua ni uinjinia maana ndo wimbo wake toka yuko fomu tuu, sasa juzi tumekaa barazani tunakula ming'oko akaibuka kwamba yeye anataka akitekcha, chaguo la kwanza Chuo Kikuu Ardhi pale Dar, la pili MUST, chuo cha sayansi na teknolojia Mbeya. Mzee akauliza miaka mingapi, akaambiwa mitano. Kanyamaza weee, kisha akasema fundi aliyetujengea hii nyumba hajasoma hata mwaka mmoja na ramani alichora mwenyewe kwenye karatasi ya daftari, na nyumba imesimama.

Sasa mimi ndo nimewekwa kati, mzee anataka nimshauri dogo abadilishe na dogo anataka nimshawishi mzee. Hivi miaka mitano yote hiyo wanasoma nini? Na lazima ujue kuchora? Maana huyu dogo akikuchorea kuku utasema mbuzi. Gharama je, hela yetu ni ya korosho, haiji kila mwezi. Tafadhali msiniambie "kila kozi ni nzuri ukiipenda", hilo shangazi kashatuambia.

Mkato A-A
Mkuu mimi nimeisoma hiyo kozi nikaimaliza, na nyumbani ni Lindi, kwa hiyo huyo mzee wako namjua hata kama sijawahi kumuona 😂

Kuchora kuku hakuhusiki. Kinachotakiwa ni kuona kitu ambacho hakipo na kukiweka kwenye karatasi mwingine akielewe, plani (nyumba ukiitazama toka juu), seksheni (kama umeikata katikati), eleveshen (ukiitazama toka nje), na hayo yanafundishwa toka mwanzo, kwa mkono kwanza, tii-skwea (rula ya umbo la T) na penseli, kompyuta baadaye. Kuna masomo ya darasani, stracha yaani jinsi jengo linavyobeba uzito, vifaa vya ujenzi, historia ya majengo, mambo ya joto na mwanga na hewa, lakini moyo wa kozi ni studio. Unapewa kazi, unahangaika nayo wiki kadhaa, halafu unabandika michoro ukutani na modeli yako mezani, unasimama mbele ya walimu unajitetea. Hiyo tunaita jurii. Hapo ndo watu wanalia.

Jurii yangu ya kwanza tuliambiwa tubuni nyumba ya mvuvi na familia yake. Nimekesha siku mbili, nimeweka madirisha ya vioo makubwa balaa, vyumba vya kulala vyote magharibi. Mwalimu kaangalia kimya. Akauliza, huyu mvuvi akirudi alfajiri na nyavu zinachuruzika maji anapita wapi? Nikasema sebuleni. Studio nzima ikacheka. Akauliza tena, saa kumi jioni hiki chumba cha watoto kina hali gani? Sikuwa na jibu, na mimi ndo mtu wa pwani pale, wenzangu wengine bahari wameiona ukubwani.

Ile likizo nikarudi Lindi, nikalala chumba changu kile kile cha utotoni, kipo magharibi, bati juu halina dari, dirisha moja dogo limetazamana na ukuta wa jirani. Miaka yote nilidhani joto ni la Lindi, kumbe ni la nyumba! Huku kwetu jua kuanzia kama mwisho wa Oktoba mpaka Februari mchana linapita upande wa kusini, miezi mingine kaskazini, lakini asubuhi na jioni linapiga mashariki na magharibi mwaka mzima, na liko chini, kibaraza hakilizuii. Kwa hiyo nyumba unailaza, upande mrefu utazame kaskazini na kusini, madirisha ya kupokea kusi na kaskazi na mengine upande wa pili upepo upate pa kutokea. Fundi wa mzee nyumba yake imesimama, sawa, lakini muulize mzee mwezi wa kumi na mbili analala saa ngapi.

Zege Kavu
Mimi ni fundi, miaka zaidi ya ishirini saiti, naomba niwatetee mafundi kidogo. Hao wasomi wanatuletea ramani tamu kwenye karatasi, mteja hela yake ya kuungaunga kachorewa paa la kuficha nyuma ya ukuta, sisi huku mvua ya masika ikianza inashuka haswa, mfereji wa juu ukijaa majani maji yote yanaingia ndani halafu anayepigiwa simu usiku ni fundi siyo aliyechora. Simkatai huyo binti asisome. Asome. Ila kabla ya chuo aje saiti hata mwezi abebe tofali, aone lenta, lile zege la juu ya milango na madirisha, inavyomwagwa, aone kenchi, zile mbao za kubeba paa, inakaaje juu ya ukuta. Akichora baada ya hapo nitamheshimu.

Bumu Halijatoka
@Zege Kavu umenigusa mkuu, mimi mwaka wa pili na kenchi yangu ya kwanza ilikuwa inaelea hewani, sina cha kuficha 😭

Kuhusu gharama kaka, ada siyo ndo inayoumiza, kinachoumiza ni vitu vidogo vidogo, karatasi kubwa, kadi za modeli, gundi, visu, kuprinti A1, yale makaratasi makubwa, halafu unakuta kosa unaprinti tena. Na laptopu, ile ya kuandikia barua haitoshi, programu za kuchorea kama ArchiCAD na Revit zitaigandisha, ila mwaka wa kwanza msikimbilie, anachora kwa mkono sana. Aombe mkopo bodi mapema na hela ya korosho mwekeeni kando ya matiriali maana bumu, hela ya mkopo ya kujikimu, likichelewa jurii haisogezwi. Usingizi asahau.

Korosho Kwanza
Daah asanteni. Zege Kavu dogo kasoma, kasema yuko tayari kubeba tofali, tutaona. Mkato A-A, akimaliza anakuwa nani sasa? Anarudi Mtwara au ndo ameshapotelea Dar?

Mkato A-A
Akimaliza bado hajawa mbunifu majengo wa kusaini michoro kwa jina lake, anafanya kazi kwanza chini ya wenye usajili kisha anafanya mitihani ya AQRB, ile bodi ya wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi. Wengi wanabaki Dar, ofisi ziko kule, sikudanganyi. Lakini Kariakoo, lile soko lenye paa kama miavuli, lilibuniwa na Mtanzania, Beda Amuli, miaka ya sabini, mzee akija na hoja ya ramani ya daftari mtajie hilo.

Na kabla ya chuo mpe futikamba aende Mikindani, hapo jirani tu, apime nyumba ya zamani yoyote ya mawe ya matumbawe, unene wa ukuta, upana wa chumba, achore hata vibaya. Akipata nauli aende Kilwa Kisiwani. Ataona vyumba virefu vyembamba, upana kama mita mbili na nusu hivi mpaka tatu, ajiulize kwa nini. Ni boriti za mikoko zilizobeba dari, zaidi ya hapo hazifiki.

Korosho Kwanza
Mrejesho. Nimemsomea mzee yote, na ya Kariakoo pia. Kuhusu chuo hajasema kitu. Kauliza tu chumba chake kiko upande gani, dogo akamwambia magharibi, na leo asubuhi nimekuta kitanda kimehamishiwa chumba cha mbele.