Tupeane uzoefu: istilahi za fasihi na ufahamu zilikuingiaje kabla ya mtihani?

Mama wa Umoja
Hamjambo wenzangu. Binti yangu yuko kidato cha tatu na Jumatatu ana mtihani wa Kiswahili. Jana usiku nilishika daftari lake nikamuuliza istiara ni nini. Akajibu bila kusita, neno kwa neno. Nikamfungulia shairi, nikamwambia anionyeshe istiara moja tu. Akalipitia mara tatu, machozi yakaanza kumlengalenga. Si mvivu, huwa namwacha mezani saa nne za usiku. Mliopitia haya, kilichowafungua macho ni nini? Niambieni mlichofanya hasa.

Mwalimu wa Jogoo Road
Pole, mama. Jambo hilo nakutana nalo kila muhula. Zamani nilikuwa nawapa wanafunzi orodha ya tamathali, yaani mbinu za kupamba lugha kama hiyo istiara, waikariri. Siku hizi naanza na mishororo miwili ubaoni, niliyoitunga mwenyewe:

Mama hutoka gizani, jua bado limelala,
Kapu lake mkononi, njia yake ndiyo sala.

Wanahesabu mizani, yaani silabi, kwa kugonga dawati kwa vidole. Nane ukwapi (kipande cha kwanza cha mshororo), nane utao (kipande cha pili). Vina, silabi za mwisho za vipande hivyo, ni "ni" na "la". Kisha nauliza, jua hulala? Wanasema anayelala ni mtu au mnyama. Basi jua limepewa tabia ya kiumbe hai, hiyo ni tashihisi. Na njia, ni sala kweli? Mshairi hakusema "kama" wala "mithili ya", amesema moja kwa moja kuwa ndiyo sala. Hiyo ni istiara. Halafu nafuta "ndiyo" naandika "kama". Mizani inabaki nane ileile, lakini istiara imekuwa tashbihi mbele ya macho yao! Hapo ndipo utasikia "aaa" kutoka nyuma ya darasa.

Baada ya hapo kila mmoja anatunga mishororo miwili juu ya mtu wa nyumbani kwao. Mvulana mmoja aliandika kuhusu babake anayesukuma mkokoteni soko la Gikomba, na karatasi ile ninayo hadi leo. Mwambie binti yako atunge yake kabla ya Jumatatu. Na kwenye mtihani, akitaja tamathali, anukuu maneno yenyewe kutoka kwenye shairi. Wengi hutaja jina na kuishia hapo, wakakosa alama walizostahili.

Kijana wa Kaloleni
Nyumbani tulikuwa saba chumba kimoja, kwa hivyo nilisomea maktaba ya Kaloleni. Nikipata nauli Jumamosi naenda maktaba ya McMillan mjini Nairobi, lile jengo la 1931 lenye sanamu za simba mlangoni. Palikuwa na utulivu ambao sikuwahi kuupata kwingine.

Mimi kilichoniangusha ni dondoo, yaani maneno yaliyonukuliwa kutoka kitabuni. Swali la "eleza muktadha wa dondoo hili" lina alama nne, na mimi nilikuwa nikiandika msemaji tu. Rafiki yangu akanifundisha tukiwa kwenye matatu: nani anasema, anamwambia nani, wako wapi, na kwa nini maneno hayo yakatoka. Tukawa tunaulizana njia nzima. Hata kondakta akigombana na abiria kuhusu chenji, tunaeleza muktadha wake! Sikukosa alama hizo tena.

Kidato cha Nne
Kwangu ni ufahamu. Taarifa ilisema maji yamepungua kwa sababu misitu imekatwa. Mimi nikajibu ni mabomba kupasuka, kwa kuwa hicho ndicho ninachokiona mtaani kwetu Kayole. Nikapata sufuri, na iliniuma sana maana nilichoandika kilikuwa kweli. Sasa nasoma maswali kwanza, kisha taarifa, na kila jibu nalipigia mstari kwa penseli palepale lilipo. Nisipopata pa kupigia mstari, najua jibu hilo ni la kichwani mwangu.

Kwenye ufupisho naandika nakala chafu na kuhesabu maneno. Usikadirie kwa macho.

Mzazi wa Githurai
Kijana wangu alichanganya kinaya na kejeli mpaka nikampa mfano wa gari la zimamoto lililoshika moto. Hicho ni kinaya, mambo kwenda kinyume na matarajio. Mtu akisimama kando akilicheka na kulibeza, hiyo ni kejeli.

Mama wa Umoja
Asanteni sana. Leo baada ya chakula nimemwonyesha mishororo ya mwalimu. Alibadilisha "ndiyo" na "kama" mwenyewe, akahesabu kwa vidole mara mbili. Kisha akachukua karatasi akaandika:

Nyanya yangu ni mwamvuli, mvua ikija silowi.

Nikamuuliza, hiyo ni tamathali gani? Akasema, "Istiara, mama. Sijaweka kama."