Mifuko ya hewa ya magari: tuupime vipi msaada wake katika ajali za kweli?

Msomi wa Tunguu

Assalaam alaykum ndugu zangu. Ninatayarisha utafiti wa shahada kuhusu mifuko ya hewa na jinsi inavyowakinga dereva na abiria wa mbele katika ajali za barabarani, si za maabara. Nilipochukua takwimu za Marekani na kulinganisha ajali ambazo mfuko ulifunguka na zile ambazo haukufunguka, vifo vilikuwa vingi zaidi pale ulipofunguka. Je, kifaa hiki kinadhuru? Na njia hii itafaa kwa ajali za Unguja?

Mwana wa Wete

Waalaykum salaam. Hapana, matokeo hayo hayaonyeshi madhara ya mfuko, kwani kufunguka kwenyewe ni dalili ya ukali wa ajali. Mfuko wa mbele hufunguka gari linaposimama kwa ghafla sana, mfano wa kugonga ukuta mgumu kwa mwendo wa kilomita 16 hadi 20 kwa saa au zaidi, kwa hiyo kundi la "haukufunguka" limejaa watu waliogusana bampa tu. Linganisha magari yenye mfuko na yasiyo nao, bila kujali kama ulifunguka.

Watafiti wa NHTSA, idara ya usalama barabarani ya Marekani, walitumia hila nzuri: mfuko wa usukani haumsaidii aliyegongwa kwa nyuma, hivyo waliangalia vifo vya migongano ya mbele vimepungua kiasi gani vikilinganishwa na vya migongano mingine. Walikadiria kwamba katika migongano ya mbele vifo vya madereva hupungua kwa asilimia 29. Hata hivyo, chunguza takwimu zako zilivyokusanywa. Kumbukumbu ya FARS, hazina ya takwimu za ajali ya Marekani iliyoanza mwaka 1975, huandika ajali zenye kifo tu, na mwaka 2005 watakwimu wawili wa Marekani walizusha mjadala mkali kwa kusema kwamba uteuzi huo unapotosha hesabu. Ikiwa zako ni za sampuli, usiache uzito wa kitakwimu wa kila ajali (yaani inawakilisha ajali ngapi), maana ajali kali huchukuliwa kwa wingi kuliko nyepesi.

Fundi wa Amani

Mwanangu, hapa kwetu usiamini kwamba gari lina mfuko kwa kuwa lilitoka nao kiwandani. Magari mengi ni ya mtumba kutoka Japani, na limewahi kuja gari gereji, kifuniko cha usukani kimegandishwa kwa gundi na ndani hamna kitu. Washa swichi utazame dashibodi: taa ya mfuko inatakiwa iwake sekunde chache kisha izime. Isipowaka kabisa, shuku kwamba imekatwa. Ikibaki inawaka, mfumo una hitilafu. Andika pia aina na mwaka wa gari, kwa sababu vipulizio (sehemu inayoujaza mfuko hewa) vya kampuni ya Takata vyenye kemikali ya amonia naitreti huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, vikapasuka na kurusha vipande vya chuma. Hali ya hewa yetu ndiyo hiyohiyo.

Muuguzi wa majeruhi

Naongeza moja tu. Mkanda usiuandike kwa kauli ya majeruhi peke yake, kwani aliyeachwa hai huogopa faini na atasema alifunga. Tazama alama ya msuguano inayoshuka kutoka begani kupitia kifuani. Kwa dereva wetu huanzia bega la kulia. Bila ya hapo utaupa mfuko sifa, au lawama, isiyo yake.