MJADALA: Wenye asili ya Alsace na wenye asili ya China huko Marekani, nani kamzidi nani kiuchumi?

MLETA MADA (Texas)

Wadau, habari za wikendi. Kwenye kundi letu la Watanzania na Wakenya tunaoishi Texas kumezungushwa jedwali linalopanga watu wa Marekani kwa asili zao: kipato cha kaya, umaskini, ukosefu wa ajira. Mstari mmoja ni wenye asili ya Alsace, lile eneo la mashariki mwa Ufaransa linalopakana na Ujerumani, ambako mji mkubwa ni Strasbourg. Mstari mwingine ni wenye asili ya China. Chini yake mtu kaandika kwamba Wachina wamefika juzi na wamewapita Wazungu waliotangulia, kwa sababu ya utamaduni wa kazi, na sisi Waafrika tujifunze. Nilijibu kwa mistari miwili, nikaambiwa nawaonea wivu Wachina. Siwaonei wivu. Ninachopinga ni ulinganisho wenyewe, na hapa kuna nafasi ya kueleza.

Namba hizi zinatoka kwenye utafiti wa kila mwaka wa Ofisi ya Sensa ya Marekani, ambao dodoso lake hupelekwa kwenye anwani zipatazo milioni 3.5 kwa mwaka. Ndani yake kuna swali la rangi, lenye visanduku, na Mchina ana kisanduku chake kimeshachapwa. Anatia alama anaendelea. Kisha kuna swali la asili, lililo wazi, unaandika mwenyewe. Mtu wa Alsace yumo kwenye hilo la pili tu. Ni lazima akumbuke, na aamue kuliandika neno hilo badala ya "Mjerumani" au "Mfaransa".

Sasa fikirieni ni nani anayeliandika. Alsace ilichukuliwa na Ujerumani mwaka 1871, ikarudi Ufaransa baada ya vita vya 1914 hadi 1918, ikachukuliwa tena 1940, ikarudi vita vilipokwisha. Walioondoka huko karne ya 19 walizungumza lahaja ya Kijerumani na wengi walifika Marekani na hati za Kifaransa. Mjukuu wa mjukuu wao aliyechanganyika na Waairishi na Wapolandi ataandika nini? Wengi wataandika "Mjerumani", wengine "Mmarekani" tu. Anayeandika Alsace mara nyingi ni yule ambaye familia yake imetunza picha, barua na mti wa ukoo. Huyo ni mtu wa aina fulani tayari, kabla hujamuuliza mshahara. Nao ni wachache sana, hawafiki hata laki moja nchi nzima, ilhali wenye asili ya China katika sensa ya 2020 walizidi milioni 5. Kwa kundi dogo hivyo, kaya chache tu zilizoangukia kwenye sampuli zinaweza kupandisha au kushusha namba. Ndiyo maana sitaki kuiweka hapa kama vile ni matokeo ya ligi.

Upande wa China nao una mlango wake. Kuanzia 1882 sheria iliwazuia vibarua wa Kichina kuingia Marekani, miaka 13 tu baada ya maelfu ya Wachina kuwa wametoboa milima ya Sierra Nevada na kukamilisha reli ya kuvuka bara mwaka 1869. Sheria hiyo ilifutwa 1943, lakini nafasi walizopewa zilikuwa 105 kwa mwaka. Kwa nchi nzima ya China! Mlango ulifunguka kweli na sheria ya 1965, iliyotanguliza ndugu wa walioko ndani na watu wenye ujuzi. Mwaka 1940 Wachina wote wa Marekani hawakuzidi elfu themanini. Kwa hiyo wengi tunaowaona leo ni wa baada ya 1965, na zaidi ya nusu wamezaliwa nje ya Marekani. Wengi waliingia wakiwa wanafunzi wa uzamili, wahandisi, madaktari. Anayesema "Wachina wana bidii" anawatazama watu waliokwisha kupita kwenye chekecheke, huku mamia ya mamilioni wakibaki kwenye majimbo ya China kama Henan na Sichuan bila kugombea viza yoyote.

Hoja yangu ni hiyo. Karibuni, na anayenipinga anipinge kwa hoja.

MDAU (San Antonio)

Mkuu, mimi niko jirani na hao watu wa Alsace. Magharibi ya San Antonio kuna mji mdogo, Castroville, ulioanzishwa 1844 na Henri Castro aliyewaleta walowezi kutoka Alsace. Nyumba zina mapaa marefu yaliyoinama sana, na kuna nyumba ya zamani iliyobomolewa kule Alsace, ikaletwa vipande vipande na kujengwa upya. Wazee wachache bado wanakijua Kialsace. Walikuja kulima, na kizazi cha tatu bado kilikuwa shambani. Ukichukua dola ya pale ukailinganisha na dola ya Mchina anayelipa kodi ya pango San Francisco, unalinganisha gunia na kibaba. Mshahara wa San Francisco ni mkubwa, ila jamaa wa Castroville analala kwenye nyumba isiyodaiwa na benki. Nani yuko vizuri?

MDAU (New Jersey)

Nampinga mleta mada, na nampinga kwa heshima.

Kaka, umeuweka utamaduni kando upesi mno. Mimi ni mhasibu, nimefanya kazi na wafanyabiashara wa Kichina miaka mingi. Wana kitu kinaitwa hui. Kumi au ishirini wanachanga kila mwezi, kila zamu mmoja anabeba. Ni upatu huu huu wa mama zetu! Benki zilipowafungia milango, upatu ndio uliofungua madobi na migahawa. Wana vyama vya ukoo na vya kijiji walikotoka, vinampokea mgeni, vinamtafutia kitanda na kazi wiki ya kwanza. Huo si uchujaji wa viza.

Na kuna jambo ambalo nadharia ya chekecheke haiwezi kulieleza. Nenda Stuyvesant, shule ya serikali Manhattan inayochukua wanafunzi kwa mtihani mmoja. Wanafunzi wengi pale ni wa asili ya Asia, Wachina wakiwa sehemu kubwa, na wengi sana wanatoka kaya za kipato cha chini. Baba yuko jikoni kwenye mgahawa, mama yuko kwenye cherehani, hakuna aliyemaliza sekondari. Hawa hawakuchujwa na viza ya wahandisi. Mtoto anapelekwa masomo ya ziada kila Jumamosi, na pesa inatoka kwenye sahani. Ukiniambia hilo si utamaduni, niambie ni nini.

MAMA (Queens, New York)

Wanangu, nawasalimu nyote. Natunza wazee majumbani, mwaka wa kumi na moja huu. Nusu ya wazee wangu ni Wachina.

Huyo mama wa cherehani aliyetajwa hapo juu, mimi ndiye namwogesha sasa. Hana pensheni ya maana kwa sababu kiwandani walimlipa mkononi, kwa kipande. Mmoja wa wazee wangu bado huamka saa kumi alfajiri kwenda kuokota makopo, maana kila kopo hapa lina senti 5 ukilirudisha. Senti 5 hiyo haijabadilika tangu sheria ilipoanza mwaka 1983. Nimemkuta mara mbili na mfuko umemzidi kimo. Ukimuuliza atasema anafanya mazoezi.

Nikiona jedwali linasema Wachina ni matajiri, namfikiria yeye. Na siku tulipomwombea msaada wa kupelekewa chakula nyumbani, kijana wa ofisi fulani aliniuliza kama familia za Kichina "huwa zinajiweza". Niliumia kama vile nimeulizwa mimi. Ndiyo kazi inayofanywa na namba hizi huku chini.

MLETA MADA

Mama, shikamoo, na asante. Umenikumbusha namba ambayo ningepaswa kuanza nayo. Kituo cha utafiti cha Pew kilionyesha kwamba mwaka 2019 kipato cha kaya ya Kichina iliyo katikati ya foleni, nusu juu yake na nusu chini, kilikuwa dola 81,600. Kwa Marekani nzima ilikuwa karibu dola 66,000. Pengo kubwa. Lakini umaskini wa Wachina ulikuwa asilimia 13, hautofautiani na wa nchi nzima. Itazameni hiyo vizuri: kundi lililowazidi wenzake kwa karibu robo ya kipato lina maskini kwa kiwango kile kile. Maana yake ni makundi mawili yaliyofungwa kwenye mzigo mmoja. Pew hao hao walikuta kwamba mwaka 2016 Mwasia wa Marekani aliye kwenye asilimia 10 ya juu alipata mara 10.7 ya aliye kwenye asilimia 10 ya chini, pengo kubwa kuliko la kundi jingine lolote la rangi nchini humo.

Kaka wa New Jersey, la upatu nakubali, na la Stuyvesant nalikubali zaidi; nilikosea kuzungumza kana kwamba wote waliingia na shahada. Ila hata wale wa jikoni walipita kwenye ungo, ungo wa aina nyingine. Mwaka 1993 meli ya Golden Venture ilikwama ufukweni hapo hapo Queens ikiwa na watu 286, wengi wakitoka Fujian, jimbo la pwani ya China, na kumi walikufa. Watu wa safari zile walidaiwa makumi ya maelfu ya dola na waliowasafirisha. Mtu mwenye deni hilo hufanya kazi saa 14 kwa sababu kijijini kuna nyumba imewekwa rehani. Utamaduni upo, sikatai tena. Ila tusiuite utamaduni kila kinachotokana na deni.

MDAU (Zanzibar)

Assalaam alaykum. Hili la mtu kujiandika asili yake sisi tunalijua. Sensa za hapa za 1924, 1931 na 1948 zinaonyesha waliojiita Waswahili wakipungua mno, na waliojiita Washirazi wakiongezeka. Hapakuwa na tauni iliyowaua Waswahili. Watu wale wale, nyumba zile zile, walibadilisha jina kwa sababu jina moja lilianza kunuka utumwa na jingine lilikuwa na heshima, na baadaye lilihusu hata mgao wa chakula wakati wa vita. Kama mtafiti angepima utajiri wa "Waswahili" mwaka 1924 na 1931 angedhani kuna maajabu yametokea. Nadhani hapa mleta mada ana hoja isiyojibika, hata kama kwenye mengine ameteleza.

MDAU (New Jersey)

Hapo naafiki. Kundi la Alsace limejichagua kwa kalamu. Lakini naomba tusiende mbali hadi tuseme hakuna cha kujifunza kwa mtu yeyote. Upatu wetu huku ughaibuni umekufa. Tunachangiana misiba na harusi tu, hatuchangiani mtaji. Hilo ndilo nililotaka kulisema tangu mwanzo.

MDAU (Minneapolis)

Swali kwa wote: mnajua kwamba sisi pia tunafanyiwa hivi hivi? Mkenya aliyekuja kwa bahati nasibu ya viza alitakiwa awe amemaliza sekondari au awe na ujuzi wa kazi. Mkongomani aliyeishi Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Kigoma, miaka kumi na tano akaletwa na mpango wa wakimbizi hakuulizwa cheti, aliulizwa yaliyompata. Mmoja leo ni nesi, mwingine anakata nyama kiwandani usiku, na wote wawili wanaongea Kiswahili kanisani kwetu. Kwenye fomu wote ni "Mweusi". Sensa ya 2020 ndiyo ya kwanza kuweka nafasi ya kuandika asili chini ya kisanduku hicho, na nimekutana na wengi walioiacha tupu. Jirani yangu Mkongomani aliambiwa na Mkenya mwenzangu kwamba akijituma atafika. Anajituma. Ana zamu mbili.

MAMA (Queens, New York)

Basi nisaidieni mimi. Wanangu baba yao ni Mluo wa Kisumu, mimi ni Mzigua wa Handeni, na binti yangu mkubwa ameolewa na kijana ambaye bibi yake ni Mchina wa Guangdong. Mjukuu wangu tutamwandika nani?

MLETA MADA

Mama, kwenye swali la asili andikeni mnachotaka, ila wanahesabu asili mbili tu, zile za kwanza mlizoandika. Ya tatu haiingii. Hivyo ndivyo watu wa Alsace wengi walivyopotea kwenye jedwali. Kwenye swali la rangi mnaweza kutia alama kisanduku cha Mweusi na cha Mchina pamoja, hakuna mtu anayeruhusiwa kuwazuia. Chini ya Mweusi kuna mstari wa kuandika. Msiuache tupu.