Tupeane uzoefu: neno gani la lugha ya kubuni lilikufanya utafute asili yake?

Wakuu, salaam.

Naanza na langu: mellon. Nilikuwa kidato cha tatu, nasoma hadithi ya Tolkien, mwandishi Mwingereza aliyebuni lugha zake mwenyewe, katika kitabu cha kuazima chenye kurasa zilizochanika. Wasafiri wanafika kwenye mlango wa Moria, mji wa chini ya milima, umefungwa, na juu yake pameandikwa "Pedo mellon a minno". Gandalf, mchawi anayewaongoza, anayasoma maandishi hayo kama mwaliko: sema, rafiki, uingie. Anajaribu maneno yote ya kufungulia anayoyajua, mlango kimya. Kumbe maandishi yanataka useme "rafiki", basi. Anatamka mellon, mlango unafunguka. Nilifunga kitabu nikaiandika sentensi ile kwa Kiswahili kwenye daftari, nikaona mtego ni ule ule. Toa mikato, maana inageuka.

Baadaye nikajua kwamba mellon inatoka kwenye mzizi mel, kupenda. Rafiki wa kwetu tulimpokea kutoka Kiarabu, lakini penda imetuzalia mpenzi, upendo, kipenzi. Mellon imezaliwa kwa njia hiyo hiyo. Tolkien alianza na mizizi, akaipitisha kwenye mabadiliko ya sauti kama yanayozikuta lugha za kweli, ikatoa lugha zake mbili: Kikwenya chenye ladha ya Kifini na Kisindarini, ambacho ndicho chenye mellon, chenye ladha ya Kiwelisi. Huyu mtu mwaka 1919 na 1920 alifanya kazi kwenye kamusi kubwa ya Oxford, akichimba asili ya maneno yanayoanza na W. Ndiyo maana maneno yake hayaelei hewani.

Karibuni, leteni ya kwenu.

Mdau wa Mwanza:
Mordor, nchi ya adui katika hadithi hizo hizo za Tolkien. Miaka yote nilidhani ni jina la kutisha tu. Mor ni weusi, dor ni nchi. Gondor ni nchi ya mawe. Ni kama U- yetu kwenye Ugogo na Unyamwezi: ukishaijua, ramani nzima inaanza kuongea.

Kalamu Kavu:
Mkuu, asante kwa uzi huu. Mimi ni Kiklingoni, lugha ya wapiganaji wa kubuni wa Star Trek, kazi ya Marc Okrand, kamusi yake ilitoka 1985. Nilijaribu kujifunza nikiwa chuo, na wenzangu waliosoma kwa Kiingereza tangu utotoni walikwama kwenye vitenzi. Mimi sikukwama. "Nakupenda" kwa Kiklingoni ni qamuSHa'. Ile qa- ya mwanzo inabeba mimi na wewe kwa pamoja, kama na- na -ku- zetu zilivyojibana ndani ya neno moja. Kilichonigusa zaidi ni kilichobaki. muS ni kuchukia, -Ha' ni kutengua, kama sisi tunavyosema funga na fungua. Yaani kupenda kwao ni kuitengua chuki. Watu wa vita, hata pendo lao limepitia upande ule kwanza. Nililifikiria neno hilo wiki nzima.

Mkaazi wa Nakuru:
Langu ni kinyume kidogo, ni lugha ya kweli iliyodhaniwa ya kubuni. Kwenye filamu ya Star Wars ya 1983 kuna rubani anaitwa Nien Nunb. Sauti yake ni ya Kipsang Rotich, mwanafunzi Mkenya, na alikuwa akiongea lugha za huku kwetu. Watu duniani walisikia lugha ya sayari ya mbali. Nilipojua nilifurahi sana, kisha nikasikitika kwamba jina la lugha zetu halikutajwa popote.

Binti Tanga:
Mimi ni Kidothraki. Ni lugha ya wapanda farasi wa tamthilia ya Game of Thrones. David J. Peterson, aliyekijenga kwa ajili ya runinga, alikitaja Kiswahili kati ya lugha zilizompa mawazo. Lakini nilichokipenda ni salamu: "Hash yer dothrae chek?" Maana yake ya ndani ni kama unapanda farasi vizuri. Na jina Dothraki lenyewe ni wapanda farasi. Hawana neno la asante. Bahari, ambayo farasi hawezi kuinywa, kwao ni maji ya sumu, na meli ni farasi wa mbao. Mimi nimezaliwa nasikia mawimbi, sikuwahi kufikiria kuna mtu angeitazama bahari kwa jicho la farasi wake.

Mwandishi Chipukizi:
Binti Tanga, umenigusa. Utotoni tulicheza kinyume: maji ni jima, chakula ni lachaku. Nilipoanza hadithi yangu ya kubuni nikatumia ujanja huo, maneno yakawa mengi lakini hakuna lililomjua mwenzake. Nikayafuta yote, nikaanza upya na mzizi mmoja, veth, maji yanayotembea. Mto ni aveth. Machozi ni uvethin, maji yanayotembea usoni. Mwongo ni mvethu, kwa kuwa neno lake halitulii. Hilo la mwisho sikulipanga, lilikuja lenyewe usiku mmoja nikiwa naandika ugomvi wa ndugu wawili.

Neno la bahari bado sina. Watu wangu hawajafika huko. Nadhani kwenye sura ya saba mmoja wao ataiona, na nitasubiri aseme yeye.