Taa za bustani zimezimwa kwa rimoti, lakini zinapiga shoti!

MamaSalma, Bombo
Wapendwa, naombeni ushauri kabla sijamwita tena yule fundi. Mwezi uliopita tulifunga taa nane za bustani kwa ajili ya nikaha ya mdogo wangu. Zimesimama kwenye vijiti vya chuma kuanzia varanda mpaka kwenye migomba, kama mita 30, na zinatumia umeme wa kawaida wa volti 240. Kiboksi kinachopokea rimoti kiko ukutani nje, waya mweupe wa nyuzi mbili umefukiwa chini ya nyasi. Ukikaa barazani unabonyeza tu, bustani yote inawaka. Wageni walisifia, sina uongo.

Juzi baada ya mvua, kijana anayetufyekea nyasi aling'oa taa ya sita apate kupita. Akatupwa nyuma, fyekeo likaruka kule, mkono ukafa ganzi mpaka jioni. Kinachonichanganya ni kwamba taa zilikuwa zimezimwa! Rimoti nilikuwa nayo mimi. Na breka iliyo chini ya mita ya Yaka (hizi zetu za Uganda za kulipia kabla) haikuruka. Fundi kwenye simu anasema ni unyevu tu, jua likitoka utaisha. Ninunue taa nyingine, au shida iko wapi? Watoto wanacheza hapo.

MzeeWaSwichi, Jinja
Binti yangu, kwanza chomoa plagi. Rimoti iweke chini, nimesema plagi. Huyo kijana mpeleke akapimwe moyo hata kama anacheka. Kisha nijibu: usiku ukizima, taa hubaki na kamwanga kama ka kimulimuli?

MamaSalma
Banange, ndiyo! Nilidhani ndivyo zilivyoumbwa. Nimechomoa, mzee wangu. Kijana anakwenda kliniki mchana huu.

MzeeWaSwichi
Basi nusu ya jibu tunayo. Viboksi vingi vya aina hiyo hukata waya mmoja tu. Kikikata waya wa moto, ule unaoleta umeme, taa zinalala kweli. Fundi akigeuza nyaya, kinakata nyutro, ule wa kurudisha umeme, na moto unabaki umesimama kwenye taa usiku na mchana. Taa za LED mara nyingi hukuonyesha kwa kale kamwanga. Halafu kuna mahali maji yameingia, moto ukafika kwenye chuma. Kijiti kikiwa ardhini, umeme ulikuwa unavujia udongoni polepole. Kijana alipoking'oa, yeye ndiye akawa njia.

Breka usiilaumu. Ile ya ampea 16 inangoja mzigo mkubwa, na moyo wa mtu huvurugika kwa chini ya ampea 0.1. Kinachomlinda mtu ni swichi ya usalama iitwayo RCD, ya miliampea 30. Inalinganisha umeme uliotoka na uliorudi, ikiona pengo inakata. Ina kitufe cha T, kibonyeze kila mwezi. Kisiporusha swichi, itupe. Na waya wa nyuzi mbili hauna ethi, uzi wa kupeleka umeme unaovuja ardhini, sasa hicho chuma kilitegemea nini?

Kaka_wa_Kira
Mimi nilinunua za sola kule madukani Kikuubo, Kampala. Hakuna waya, hakuna shoti, hakuna Yaka.

BintiVolti, Entebbe
Na mwezi wa nne, wakati wa mvua, saa tatu usiku zimeshalala, kaka, tuambiane ukweli 😂

MamaSalma, nenda volti 12. Transfoma na kiboksi cha rimoti vikae ndani ya nyumba, kwenye bustani itoke 12 tu. Ila usinifuate kosa langu. Nilivuta waya wa milimita 1.5 mita 30, taa za wati 60 kwa jumla. Hizo ni ampea 5, na mzigo ukiwa mwishoni unapoteza volti kama 3.6 njiani. Taa zangu za mwisho zilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nilipoweka waya wa milimita 4 upotevu ukashuka hadi kama 1.4.

Soma pia namba ya IP kwenye taa, ndiyo ya kuzuia maji. IP44 ni ya kurushiwa maji tu, IP65 inastahimili maji ya mpira, lakini kiungio kinacholala udongoni kitafutie IP68. Na rimoti ijaribu kabla fundi hajaondoka. Jirani yangu alikuwa akifungua geti lake, bustani yangu inawaka.

Kaka_wa_Kira
Hiyo ya geti imeniua. Sawa, za sola nimezirudisha mfukoni.

MamaSalma
Mrejesho. Kijana yuko salama, kliniki wamemruhusu. Leo amekuja fundi mwingine, kibali chake cha ERA, wale wasimamizi wa umeme, nimekiona kwa macho. Kwa dakika moja tu akarudisha plagi, sisi sote tukiwa barazani, rimoti imezima. Akagusisha testa kwenye waya wa taa ya sita, ikawaka. Mzee, ulijuaje!

Akachomoa, akafukua. Waya uko kina cha kidole, na kiungio kimefungwa tepu nyeusi, juu yake kimevishwa kaveera, mfuko wa plastiki. Ndani ya kaveera maji, na mchwa wawili. Hatua mbili mbele, jembe lilikuwa limeshauchubua waya.

Tumekubaliana volti 12, RCD kwenye boksi, na mfereji wa sentimita 50 kando ya ukuta, mbali na migomba. Kijana amerudi kazini. Vijiti tumevilaza barazani bila waya wowote, lakini bado anavizunguka kwa mbali.