Mnaofundisha pizza mtandaoni semeni ukweli, mnatumalizia hela na unga

Wakuu nina hasira na nitaandika yote.

Jumamosi binti yangu katimiza miaka 9, akaomba pizza. Ya kununua bei yake nyumba nzima inakula siku mbili, nikasema napika mwenyewe, chapati napika, maandazi napika, pizza itanishinda nini. Nikafungua video ya mdada mmoja ana wafuasi kibao, "pizza rahisi dakika 30", nikaiangalia mara tatu huku naandika kwenye daftari.

Sasa sikieni alichofundisha. Unga "kiasi", hamira "kiasi", halafu "maji ya moto". Basi. Nikachemsha maji, nikayaacha yapoe kidogo, nikamimina kwenye hamira, nikakanda mpaka mabega yanauma, nikafunika na kitambaa. Saa nzima donge liko vilevile, ukilibonyeza shimo la kidole linabaki kama kwenye udongo wa kufinyangia, hata ile harufu ya mkate hakuna. Yeye kwenye video anafunua bakuli limefurika, kumbe hapo katikati amekata, donge limelala masaa mangapi hasemi!

Jibu nimelipata Jumapili kwa mama muuza maandazi hapa mtaani, hata sijamaliza kumweleza akaniambia "mwanangu, hamira umeiua." Hamira ni kitu hai jamani, maji yakifika kama nyuzi 60 inakufa, inataka vuguvugu, maji ambayo ungemwogeshea mtoto mchanga, unatia sukari kijiko kidogo unasubiri dakika 10, ikitoa povu endelea, isipotoa usiharibu unga wako. Ndo hayo tu. Huyu mama hajawahi kurekodi video hata moja na kanieleza kwa dakika mbili amesimama kwenye karai la mafuta, yule anayelipwa matangazo kashindwa.

Haya njooni kwenye oveni. Anasema "dakika 5 tu imeiva". Nimerudi kuangalia vizuri, nyuma yake kuna oveni ya matofali kuni zinawaka! Kule Naples, Italia, pizza ilikotokea oveni za kuni zinapita nyuzi 400, pizza inatoka ndani ya sekunde 60 mpaka 90. Oveni yangu mwisho wake 250. Unampaje mtu dakika za moto wa kuni akapikie kwenye oveni ya nyumbani, tena bila kumwambia aiwashe mapema na treya iwe humo ndani ishike moto kwanza? Yangu nimeitoa baada ya dakika 20, kingo zimekauka kama biskuti, chini katikati nyeupe mbichi inanata kwenye kisu, juu maji ya nyanya yanatembea kwa sababu alisema saga nyanya mbichi umwage tu, hakusema zichemshwe zikauke.

Na duka lililoniuzia jibini nalo lina lake, sh 14,000, rafu imeandikwa mozzarella, ile jibini ya pizza inayovutika, nyumbani nasoma nyuma ya pakiti kwa herufi za sisimizi, mafuta ya mawese na wanga. Halikuvutika hata kidogo, limekaa juu kama nailoni. Huo ni wizi.

Mtoto akakata kipande, akatafuna taratibu, akatuangalia usoni, akasema "nzuri mama". Baadaye natoa sahani nakuta kipande kimefunikwa na tishu ili nisikione. Hapo ndo nililia wakuu, sio kwa sababu ya ile 31,000 iliyoenda na uniti za LUKU juu yake.

Nimeandika kwenye maoni ya yule mdada wa video kwa heshima kabisa, maji yawe na joto gani na donge liumuke muda gani. Yamefutwa. Nikaandika tena, yakafutwa, ila zile za "umetisha dada" zote zipo.

Mwenye vipimo vya kweli aviweke hapa, nusu kilo ya unga inataka maji mililita ngapi, hamira na chumvi gramu ngapi, oveni ya nyuzi 250 dakika ngapi. Jumamosi ijayo narudia, binti nimeshamwahidi.